Sanduku la Maji

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ile dawa ya masikio imesaidia kidogo. Mara ya mwisho nilipokupigia simu tulizungumza dakika kumi nzima, mimi nikiuliza habari za afya yako na wewe ukinijibu habari za paka. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu.

Hapa tupo. Mama mzima, isipokuwa goti linalomsumbua akipanda ngazi za zahanati. Anakusalimu sana. Mwanangu ameanza kujua kusoma na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye mfuko wa sabuni, kwa hiyo nyumba haina tena utulivu.

Sasa neno lenyewe. Alhamisi inatimiza miaka arobaini mwezi wa saba. Najua gazeti lina jina lake refu pale juu, lakini sijawahi kumsikia mtu wa mji huu akilitumia, wote hulitaja kwa siku linapotoka na kuuliza tu, "Umeisoma Alhamisi?" Mhariri wa sasa ameunda kamati ya kutoa kitabu cha historia yake, na mimi msoma prufu, mtu niliyezoea kukaa kimya na kalamu nyekundu, ndiye niliyetwishwa kukiandika. Baba hayupo tena. Katika wale walioanza umebaki wewe tu, mpanga herufi. Niandikie mlivyoanza.

Na jambo dogo. Nimeshinda wiki nzima kwenye chumba cha majalada. Matoleo yote yapo isipokuwa moja, la wiki niliyozaliwa. Limekatwa kwa wembe, safi kabisa, na baada yake hakuna gazeti kwa miezi minne. Nilitaka tu kuona mji ulikuwa ukizungumza nini siku nilipokuja. Unakumbuka?

Mpwa wako,
Mkato


26 Februari

Mpwa wangu Mkato,

Marahaba, mama, marahaba. Mimi mzima. Paka naye mzima, ahsante kwa kuuliza. Mwambie dada yangu salamu nimezipata.

Huyo mtoto mshukuru. Yeye anasoma; wewe ulipokuwa na umri wa miaka mitatu ulichukua alama ya mkato, ile ya kuchapia, ya madini ya risasi, kutoka kwenye trei yangu ukaisukuma puani. Mganga alipoitoa kwa koleo, niliiosha nikairudisha kwenye trei kwa sababu zilikuwa zimebaki chache. Jina ulilipatia hapo, usije ukadhani nilikupa kwa mapenzi.

Unataka tulivyoanza. Andika: tulianza na mtambo wa mkono uliokuwa ukichapa tiketi za mabasi, na chumba kimoja nyuma ya duka la baiskeli. Baba yako alikuwa mwalimu aliyechoka kuona mji mzima ukiishi kwa tetesi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua kupanga herufi kinyumenyume haraka kuliko nilivyojua kuandika mbele. Toleo la kwanza lilikuwa karatasi moja, pande mbili, nakala mia moja na ishirini, na wino ulikuwa haujakauka, kwa hiyo siku ile ungemjua msomaji wetu kwa vidole vyake.

Baba yako alikuwa na kanuni zake na hakuna aliyemtoa hapo. Hakuna ukurasa uliokwenda mtamboni bila saini yake kwenye prufu, ile nakala ya majaribio. Na kosa lilisahihishwa pale pale lilipokaa, kwa ukubwa ule ule. Tuliwahi kutangaza arusi ya muuza nyama kwa tarehe ya wiki moja kabla ya siku yake. Wageni wakafika na zawadi, wakamkuta bwana arusi anapaka nyumba rangi. Wiki iliyofuata masahihisho yalikaa ukurasa wa kwanza, herufi nene, na baba yako akaenda mwenyewe kumsaidia kupaka rangi.

Hayo ya kutosha kwa sura ya kwanza. Hilo toleo lililopotea usilihangaikie. Vyumba vya majalada havikosi panya.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ahsante kwa barua. Tumecheka mpaka machozi kwa ile arusi. Mama anakusalimu na anafurahi kusikia unaendelea vizuri. Mvua imenyesha siku tatu, dari ya sebuleni imeanza kuvuja mahali pale pale, na mwanangu amelipa lile doa jina.

Panya gani anatumia wembe, Mjomba?

Sitaki kukuudhi, lakini tangu juzi nakaa roho juu. Mhariri amenipa faili kutoka ofisi ya mji. Nitakueleza nilivyolielewa, wewe unisahihishe.

Zamani mji ulikuwa unategemea visima sita. Bwana Afya alipima maji kila Jumanne, na Jumatano alituma kikaratasi kwenu. Kwenye ukurasa wa kwanza, chini upande wa kulia, kulikuwa na Sanduku la Maji: majina ya visima, na mbele ya kila kisima neno moja, SALAMA au CHEMSHA. Watu walilitegemea. Hata wasiojua kusoma walimwomba jirani awasomee sanduku tu, mengine yabaki.

Wiki niliyozaliwa kisima cha sokoni kiliandikwa SALAMA, na hakikuwa salama. Watu wengi waliugua na wanne wakafa: mke wa fundi viatu, mzee aliyekuwa akipiga kengele ya shule, na watoto wawili wa mwashi. Bwana Afya akaapa kwamba kikaratasi chake kilisema CHEMSHA. Baba aliitwa mbele ya kamati ya mji, na kwenye kumbukumbu za kikao kuna maneno yake sita tu: "Saini ni yangu, ukurasa ni wangu." Alhamisi ikafungwa. Ilipofunguliwa ilikuwa na mhariri mwingine, na Baba akawa fundi redio barazani kwetu.

Mjomba, mimi sikuwahi kuambiwa haya. Nilijua tu kwamba kuna watu waliopita barazani bila kumsalimu, na nilidhani ni kiburi chao. Nilijua kwamba Baba alichemsha hata maji ya kunawa uso, miaka mingi baada ya mabomba kuja. Mtu aliyesoma risiti ya mkate mara mbili kabla ya kuikunja, anaachiaje neno moja kama lile lipite?

Mhariri amekwisha kuandika sentensi yake kwa ajili ya kitabu: "Gazeti lilifungwa miezi minne kutokana na uzembe wa mhariri wake wa kwanza, uliogharimu maisha ya watu wanne." Nimemwomba aiondoe. Amesema nilete ushahidi, la sivyo inabaki. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji tarehe 30 Juni, na kitagawiwa shule zote za mji. Mwanangu atakisoma kwa sauti.

Wewe ulikuwepo. Niambie kilichotokea Jumatano ile.

Mkato


30 Aprili

Mkato,

Hatujambo huku. Barua yako ilichelewa, au mimi nilichelewa kuifungua, hata sijui. Mvua huku imegoma. Nimebadilisha miwani na sasa naona vizuri mambo ambayo nisingependa kuyaona, kama vile sura yangu.

Kuhusu faili. Hayo ni mambo ya miaka thelathini na moja. Baba yako alikuwa mtu mzima na alisema alichotaka kusema. Kama yeye aliona maneno sita yanatosha, mimi ni nani niongeze la saba? Kwenye kitabu andika ile habari ya arusi. Andika pia mafuriko yalivyoingia ofisini tukapanga herufi tukiwa tumesimama juu ya viti. Watu wanapenda mambo hayo.

Msalimie dada yangu.

Mjomba


14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Nimesoma barua yako mara nne, nikitafuta mahali ulipojibu swali langu. Mimi kazi yangu ni kusoma, nafahamu mtu anapopiga chenga. Umeniandikia mvua, miwani, mafuriko na viti. Jumatano yenyewe umeiruka.

Na kwa kuwa tumefika hapa, acha na mimi nitoe langu. Mama hajawahi kukusalimu. Salamu zote unazozipata kwangu nimezitunga mimi, tangu nilipoanza kukuandikia nikiwa shule. Nikikutaja mezani anainuka kwenda kuosha vyombo, hata kama ni visafi. Nilidhani ni kwa sababu hukuja kumzika Baba. Nilikutetea. Nilisema safari ni ndefu, nilisema ni masikio, nilisema ni kazi. Juzi nilimwuliza waziwazi kuhusu Sanduku la Maji. Akasema, "Nilimwahidi baba yako. Mwulize mdogo wangu, yeye hakuniahidi mimi chochote."

Mjomba, naogopa. Naogopa utakachoniambia, na naogopa zaidi kwamba hutaniambia. Nikipita sokoni naona kile kisima kilichofunikwa kwa zege, nageuza njia. Wiki sita zimebaki.

Mkato


5 Juni

Mjomba,

Umepokea barua yangu ya tarehe 14? Mtu wa posta amechoka kuniona. Nimejaribu simu, inaita mpaka inakatika. Mhariri ameniuliza jana kama nimepata ushahidi, nikamwambia uko njiani. Nimemdanganya. Hata kama umekasirika, niandikie kwamba umekasirika.

Mkato


11 Juni

Mpwa wangu,

Simu niliisikia ikiita. Masikio yangu si mabovu kiasi hicho. Nilikaa nikaitazama.

Kuhusu salamu, nilijua siku nyingi. Ulikuwa ukiniandikia "Mama anakusalimu sana." Dada yangu hajui kusalimu sana. Tangu nikiwa mdogo, akinipenda au akinichukia, huwa anauliza kitu kimoja tu: "Umekula?" Katika barua zako zote miaka hii hakuuliza. Lakini nilizipokea salamu zako na kuzijibu, kwa sababu nilizihitaji.

Sasa Jumatano.

Sanduku lile sikulipanga upya kila wiki. Herufi zake zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba na kukaa kwenye rafu, na kazi yangu ilikuwa kubadilisha tarehe na neno la kisima kilichobadilika. Kanuni ya baba yako ilikuwa hivi: kikaratasi kisipofika kabla ya saa tisa, sanduku liachwe jeupe na kuandikwa ndani yake "Hatujaletewa taarifa." Mimi sikuipenda nafasi nyeupe. Mpanga herufi akiacha shimo kwenye ukurasa anajisikia kama ametoka nyumbani bila suruali. Kwa hiyo mara mbili tatu kikaratasi kilipochelewa nilibadilisha tarehe tu, maneno ya wiki iliyopita nikayaacha. Kikafika baadaye kikisema yale yale. Hakuna aliyegundua, hata baba yako, na mimi nikajiona fundi.

Siku ile baba yako alipita ofisini asubuhi, uso wote meno, akasema uchungu wa dada umeanza. Prufu ilikuwa mezani, sanduku likiwa bado halijawekwa. Akasaini hivyo hivyo. "Wewe unajua kazi," akaniambia, akakimbia zahanati. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kusaini kitu ambacho hakijakamilika.

Saa tisa kikaratasi hakijafika. Nikabadilisha tarehe. Saa kumi na nusu, mtambo umekwisha kutoa nakala mia tatu, akaingia mtumishi wa Bwana Afya akihema, baiskeli yake ilikuwa imepata pancha. Kisima cha sokoni: CHEMSHA. Nilikuwa bado nimekishika kikaratasi pale jirani yenu alipoingiza kichwa dirishani akipiga kelele, "Ni wa kike! Wote wazima!"

Kubadilisha neno lile kungenichukua nusu saa: kusimamisha mtambo, kufungua ukurasa, kutupa zile mia tatu. Nikajiambia kesho nitabandika tangazo mlangoni. Nikajiambia kisima kile huandikwa CHEMSHA kila mwaka na hakuna anayeumwa. Nikakitia kikaratasi mfukoni, nikaacha mtambo uendelee, nikaja kukuona. Nilikushika mikononi, nikiwa na shati lile lile. Kikaratasi kilikuwa mfukoni, kati yangu na wewe.

Alhamisi tulikuwa na furaha nyumbani. Tangazo sikulibandika.

Baba yako nilimwambia wiki iliyofuata, watu wakiwa wamekwisha kuzikwa. Hakunipiga. Alikaa kwenye kiti kando ya mtambo, akasema, "Nilisaini kitu ambacho sijakisoma." Halafu akasema jambo la pili, na hilo ndilo lililonifunga mdomo mpaka leo. Alisema ukweli huu ukitoka, mji utasema watu wanne walikufa kwa sababu ya haraka ya kwenda kumwona mtoto wa mhariri, na wewe utakua ukinyooshewa kidole. Akamwapisha dada, akaniapisha mimi. Sikubishana naye, Mkato. Ningeweza kubishana. Nilishukuru moyoni kwamba amepata sababu nzuri ya kunificha.

Nilivumilia miaka minne nikimwona akitengeneza redio barazani na watu wakimpita. Siku niliyoondoka nililikata toleo lile. Alipofariki nilifungasha sanduku la nguo, nikafika stendi, nikarudi. Ningemtazamaje dada usoni?

Ndani ya bahasha hii kuna toleo lenyewe, na kikaratasi cha Bwana Afya, chenye saa aliyokiandika na muhuri wake. Kuna na kitu cha tatu, tangazo nililolipima kwa rula. Upana na urefu ni wa lile sanduku. Baba yako alisema kosa linasahihishwa pale pale, kwa ukubwa ule ule. Mwambie mhariri wako asilipunguze hata mstari:

"MASAHIHISHO. Katika toleo letu la miaka thelathini na moja iliyopita, Sanduku la Maji lilisema kisima cha sokoni ni SALAMA. Taarifa ya Bwana Afya ilisema CHEMSHA. Taarifa hiyo ilifika kabla gazeti halijamaliza kuchapwa, nayo ilifichwa na mpanga herufi. Mhariri hakuiona. Lawama aliyoibeba haikuwa yake. Mpanga herufi anaomba radhi kwa familia nne, na kwa familia ya mhariri."

Jina langu kamili nimeliweka chini. Lichapeni. Ile sababu ya haraka sikuiandika pale, maana hiyo ndiyo baba yako aliyoniomba niifiche.

Sina la kuomba kwako.

Mjomba


10 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Bahasha ilifika tarehe 24, ikiwa imeloa upande mmoja. Kikaratasi hakikuguswa na maji.

Mhariri alivua miwani akakisoma amesimama. Sentensi yake ameifuta mbele yangu. Masahihisho yalitoka Alhamisi iliyopita, ukurasa wa kwanza, chini upande wa kulia. Prufu niliisoma mimi na niliisaini mimi, baada ya kuisoma mara kumi na moja. Jina lako lilipita chini ya kalamu yangu, na sikulifuta.

Mwashi alikuja ofisini asubuhi ile. Sasa anatembea na fimbo. Aliuliza unaishi wapi, sikumwambia. Alisimama kaunta akalisoma lile sanduku huku anafuatisha kwa kidole, halafu akasema, "Miaka ishirini nilipita pale barazani nikitazama upande mwingine." Akaomba nimwonyeshe kaburi la Baba. Tulikwenda wote wawili.

Sijakusamehe. Nakuandikia hivyo wazi ili usije ukasoma barua hii ukadhani nimeruka mahali. Nikifikiria Baba na zile redio, nakukasirikia mpaka kichwa kinauma. Nikifikiria lile shati na mimi mchanga ndani ya mikono yako, sijui la kufanya na nafsi yangu. Nitalazimika kuizoea upya siku yangu ya kuzaliwa. Hilo litachukua muda, usiniharakishe.

Mwanangu aliyasoma masahihisho kwa sauti, mezani, kama nilivyojua atafanya. Nilimtazama Mama. Hakuinuka kwenda kuosha vyombo. Alisikiliza mpaka jina la mwisho, akamwambia arudie, akarudia. Kisha alichukua gazeti akaenda nalo chumbani na hatukumwona mpaka jioni.

Leo nilikuwa nikitia barua hii kwenye bahasha alipopita nyuma yangu na ndoo. Nikamwambia naandika kwa mjomba, kama ana neno niliongeze. Akasema hana. Akafika mlangoni, akasimama hapo na ndoo yake, mgongo kwangu, akauliza kitu kimoja.

Mama anauliza kama umekula.

Mkato